Mahubiri Yaliyoishia Sokoni

Katekista wetu wa Mshangano ndiye aliyenifundisha dini, akawa pia baba yangu wa ubatizo. Padri ananiambia nimsamehe. Najibu ndiyo, kisha narudi nyumbani na hasira yangu.

Katekista alitufundisha kwa ukali. Padri alikuja kwa nadra kigangoni, kwenye kanisa letu dogo la kijijini, hivyo Jumapili nyingi katekista ndiye aliyehubiri. Alikuwa akisema mhubiri anayekufikisha msalabani na kaburini asikutoe upande wa pili, penye ufufuko, kakupotezea muda. Hayo mengine, alisema, hata mkutano wa kijiji unayaweza.

Baba yangu mzazi hakuwa amebatizwa. Kila Jumapili alimpakia mama kwenye baiskeli, akamfikisha kanisani, kisha akabaki nje akitengeneza mnyororo usio na ubovu wowote. Mama alimsihi aingie mpaka akachoka.

Mama alipofariki, ibada ikawa uani kwetu. Asubuhi ile baba aliniita pembeni. "Leo mahubiri yamenifuata nyumbani," alisema. "Nitasikiliza. Nataka kujua mama yako amekwenda wapi."

Nilimkimbilia katekista. Nikamwamkia, nikampa maneno ya baba kama yalivyo. Akanishika mkono. "Mwanangu, hilo niachie mimi."

Nikamwachia. Mjinga mimi.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanafuata mahindi hadi mashambani. Mnunuzi mmoja kutoka Bombambili alikuja msibani na pikapu yake, na kila mtu alijua ameahidi mabati ya kanisa. Akawekewa kiti mbele, karibu na jeneza. Katekista akasoma Injili ya kaburi tupu, vizuri kabisa, akafunga kitabu. Kisha akaanza. Zama za kuingoja serikali zimekwisha. Soko liko wazi. Mungu humwinua mwenye bidii, tumtazame mgeni wetu huyu.

Bidii! Mama aliyelala pale mbele alishika jembe tangu usichana mpaka viganja vikawa kama gome la mti, akafa hana hata bati moja. Sasa yeye aliinuliwa wapi? Nilitamani kumvuta katekista kanzu yake. Nikamtazama baba. Alikuwa amevua kofia, ameinama, mkono nyuma ya sikio, anangoja. Alingoja mpaka watu waliposema amina. Ndipo akavaa kofia yake.

Tuliporudi kutoka kuzika nilimfuata katekista, nikamuuliza kulikoni. Akasema habari za ufufuko watu wanazijua tangu utoto, siku hizi wanataka neno la kuwasaidia maishani. Nikamwambia yupo mmoja asiyezijua, na wewe uliniahidi. Akanawa mikono, akaenda kula.

Jioni nilijaribu mwenyewe. Nikamweleza baba habari za kaburi lile tupu kwa maneno yale yale niliyofundishwa, huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Wewe ni mwanangu, lazima unifariji," alisema. "Nilitaka kusikia kwa yule, maana ndiyo kazi yake. Kama na yeye hajui, basi tuyaache."

Jumapili iliyofuata nilimwomba anisindikize kanisani. Akanipa baiskeli.