Kidogo Tu ya Karani

Karani wa posta akifika kwa muuza bhajia hutupa tai begani na kuinama mbele kama anayechungulia kisima, maana chatini haina adabu kwa shati jeupe. "Kidogo tu," husema, na muuzaji humwagia upawa mzima, kwani kidogo chake anakijua. Nyumbani yeye na mkewe wameapiana: vya kukaanga basi, daktari kakataza. Leo mdomo umejaa, pua inatoka jasho, mara sauti ya mkewe nyuma yake: "Baba watoto, hayo ndiyo maboga niliyokufungia?" Akameza bila kutafuna, macho yakamtoka. Kabla hajapata uongo wa kusema, muuzaji kamchangamkia mkewe: "Karibu mama! Kama jana, chatini juu?"