Jina Lililobaki Kwenye Ruta

Siku Egesa alipomwona Damalie kwa mara ya kwanza, Damalie alikuwa juu ya ngazi kule mtaa wa Sofia, mjini Busia, akivuta waya wa intaneti kwenye nyumba ya jirani. Egesa, muuza viatu vya mitumba, aliombwa ashike ngazi. Akaishika, macho chini kwa haya.

"We bwana, tazama juu! Nikianguka utanidaka kwa kisogo?"

Watu wakacheka. Egesa naye akacheka, na tangu saa ile akawa hana lake.

Damalie alikuwa binti wa wakulima wa kijiji cha Masinya. Ufundi aliupata kwa kubeba ngazi za mafundi wanaume mpaka wakachoka kumfukuza. Alipohamia kwa Egesa alifunga ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ili wapangaji wa vyumba vya uani nao wapate mtandao. Kila simu inayoingia hupewa namba, na Damalie akaandika kwa mkono jina la kila namba, ili ukiiuliza namba ikutajie mwenyewe.

"Namba isiyo na jina ni mgeni asiyebisha hodi," alisema.

Alimwomba Egesa waende Masinya, Egesa akajulikane kwa wazee wake. Egesa, kwa haya zake, kila mara alisema wiki ijayo. Akatokea mwanamume wa Tororo ambaye hakungoja wiki ijayo. Damalie akafunga mizigo, akaenda naye.

Jioni moja, muda mrefu baadaye, Egesa alifungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake. Akasoma: simu-ya-damalie, imeunganishwa. Akatoka mbio hadi uani. Hapakuwa na mtu. Kesho yake jina likatokea tena. Akaona ni yeye, anakuja mpaka kwenye ua na kuona aibu kubisha. Akafagia, akakaanga samaki wa ngege, akaacha mlango wazi.

"Mzee, leo unamngoja askofu?" akamtania Osinya, mpangaji mpya.

Chakula kilipopoa, Egesa akampigia Damalie simu.

"Ingia tu. Mlango uko wazi."

"Mlango gani? Mimi niko Tororo."

Egesa akaeleza habari ya lile jina kwenye ruta. Damalie akauliza:

"Kuna mtu mpya hapo?"

"Osinya. Amepanga chumba cha nyuma."

"Basi ni yeye. Mimi nilipoondoka namba yangu ilibaki wazi, na ruta ikampa yeye. Lakini jina niliandika mwenyewe, halifutiki lenyewe. Fungua pale penye majina."

Egesa akafungua. Kidole kikasita.

"Njoo ulifute wewe," akasema. "Tororo si mbali."

"Bonyeza futa, Egesa."

"Damalie, nitakwenda Masinya. Kesho. Naapa."

"Wazee wameshakula mbuzi wa mahari aliyeletwa na mwenzako. Bonyeza."

Akabonyeza.

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Sawa. Ukikwama tena, mtafute fundi wa hapo Busia."