Kifuniko Chenye Tundu Moja

Jino langu la mbele lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya rangi. Ng'ombe alinipiga teke nikiwa darasa la tatu, jino likabaki hapo tu, mpaka mwaka jana usaha ulipoanza kutoka kwenye ufizi.

Daktari wa meno mjini Kericho alinionyesha picha kwenye kompyuta. Mfereji wa ndani ya mzizi ulikuwa umezibika. Angetoboa kwa kukisia, keekee ingeweza kwenda upande na kupasua mzizi.

"Hapo jino limeenda, kijana," akaniambia.

Kwa hivyo alipanga njia kwenye kompyuta, kisha kikatengenezwa kifuniko cha plastiki chenye umbo la meno yangu na tundu moja dogo. Keekee ingepita hapo tu. Hilo nilielewa upesi. Sisi wachuma chai hulaza ufito juu ya majani ili mkono usishuke kupita kiasi. Ufito ukilala vibaya, unaharibu kichaka.

Kogo, nyanya yangu, hakuona haja. Yeye alitolewa meno mawili ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa mila yetu zamani.

"Ling'olewe tu. Mimi niko na pengo na niliolewa."

"Kogo, wakati huo kila mtu alikuwa na pengo."

Alicheka, halafu akanikazia macho. "Basi enda. Lakini usitikisike. Wewe ni mwanaume sasa."

Nilijua anachosema. Tulipopashwa tohara tulifundishwa kutopepesa hata jicho. Anayeonyesha uoga hubeba aibu hiyo mpaka uzeeni.

Siku ya kutobolewa jino, nililala kwenye kiti cha daktari. Daktari alisema, "Ukisikia kitu chochote, inua mkono." Nikakubali kwa kichwa, lakini moyoni nilishaamua sitauinua. Akabonyeza kifuniko juu ya meno.

"Kimekaa vizuri?"

"Mm." Watu wenye koti jeupe mimi huwakubalia kila kitu.

Keekee ikaanza kulia. Ndipo ulimi wangu ukagusa ukingo wa kifuniko, kifuniko kikacheza. Kidogo tu. Nikinyamaza, tundu litaelekea pembeni, na keekee italifuata. Nikiinua mkono, nimetikisika. Sauti ilizidi kukaribia. Mkono ulikuwa mzito kama kikapu kilichonyeshewa.

Nikauinua.

Keekee ikanyamaza. "Unaumwa?"

"Hapana, daktari. Kinacheza."

Alikitoa, akakigeuza. Kipande cha pamba kilikuwa kimenaswa ndani. "Heri umesema," alisema, sauti chini. Akakirudisha, akanitaka nikiguse kwa ulimi. Hakikucheza.

Woga haukuisha. Alipotoboa, magoti yalitetemeka mpaka msaidizi wake akayawekea mkono. Kisha daktari akaingiza sindano nyembamba kwenye jino, polepole, ikazama.

"Tumeupata mfereji."

Jioni kogo alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Ulitikisika?"

"Nilitikisika, kogo."

Alinishika kidevu. "Fungua mdomo." Nikafungua. Akaligusa jino kwa kidole, akaingia ndani, akarudi na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ambayo kwetu hupewa aliyerudi na ushindi.

"Kunywa na upande ule mwingine," akasema.