Gunia la Neema

Leo nimemwekea mtoto kosa kwenye swali alilolipata.

Darasa la nne, hapa Makambako, somo la sehemu. Nimechora ubaoni gunia la viazi lililojaa, nikauliza ni magunia mangapi.

Neema, ambaye baba yake analima viazi Mdandu, akajibu, "Moja na nusu, mwalimu."

Nikamwambia likijaa ni moja tu. Nikaweka kosa kwenye daftari lake.

"Wanunuzi hawalikubali hilo," akasema taratibu. "Baba anaongeza nusu juu, tunashona na kamba, halafu wanalipa bei ya gunia moja."

Karibu darasa zima ni watoto wa wakulima.

Walimu wenzangu, semeni mtakavyo. Jumamosi nilinunua lumbesa, gunia la kuongezwa juu hivyo hivyo, mimi mwenyewe, na bado nikamwambia yule mzee aliyeniuzia, "Ongeza kidogo juu, baba."