Kulabu za Mama Poda

Mama Poda alijua kupaka chuma rangi bila brashi. Karakanani walimpa jina hilo kwa sababu kila jioni alitoka mweupe kuanzia kope hadi kandambili. Bunduki yake ya kupulizia ilirusha rangi ya unga, yaani poda, na kila chembe ilitoka na chaji ya umeme. Sasa chembe zenye chaji ya aina moja haziivi chungu kimoja: zinasukumana, zinatawanyika hewani. Lakini chuma kilichotundikwa mbele yake, kikiwa kimeungana na ardhi kupitia kulabu, kinazivuta mpaka zinakiganda pande zote, kisha kinaingizwa kwenye tanuri, rangi iyeyuke na kushika. Kazi nzima iko kwenye kulabu. Kulabu ikishika rangi, umeme unakosa njia, ndiyo maana alizikwangua kila siku, nyingine akizibeba mpaka nyumbani, vidole vikamchanika.

Mumewe aliviona vidole hivyo. Tangu aachishwe kazi, mwanaume wa watu alikuwa wa kulala tu kaugeukia ukuta, ukimsemesha, anaguna. Basi siku moja mke anarudi, anamkuta uani na zile kulabu, mikono myeusi, anapiga mluzi!

"Nimezichoma, nimezipiga msasa, mke wangu. Hazitakusumbua tena."

Mama Poda alicheka hadi machozi. Kulabu zilikuwa nyeusi tititi, akadhani ni weusi wa moto. Jamani, nani angeuliza? Furaha ya kumwona mumewe amesimama ilimziba macho.

Kesho yake ilikuwa zamu ya vitanda vya hospitali, akavitundika kwa kulabu hizo hizo. Mteja alishavikataa mara mbili kwa sababu ya madoa, na bosi alikuwa amesema wazi: vikirudi tena, anafunga karakana, kila mtu ashike njia yake.

Poda ikagoma. Mwanzo ilishika kidogo, kisha, loo, ikawa inafika kwenye chuma na kuruka pembeni, inamwagika chini.

"Ongeza volti!" bosi alifoka.

Akaongeza, ikazidi kukimbia. Wakasafisha bunduki, wakaulaani umeme, na poda ya mwisho ikaishia sakafuni, imechanganyika na mchanga. Mama Poda aliposhika kitanda akiteremshe, kikampiga shoti hadi begani. Hapo akaelewa. Chuma hakikuwa na njia ya kwenda ardhini. Chaji yote iliyoletwa na poda ilikuwa imejaa humo humo, ya aina ile ile, ikiisukuma poda mpya. Alikwaruza kulabu kwa ukucha. Rangi. Rangi nzuri ya kuzuia kutu, tabaka mbili, imepakwa na mtu aliyejali.

Mteja alikuja, akatazama, akaondoka bila kuaga. Bosi alifunga lango kwa kufuli, wafanyakazi wote wakiwa nje.

Njiani, mfuko wa kulabu mkononi, Mama Poda aliapa hatasema neno nyumbani. Lakini mumewe alimpokea mlangoni, amevaa shati safi.

"Vipi, kulabu zangu?"

Uchungu wote ukampanda kichwani. "Ulizipaka rangi! Rangi haipitishi umeme, wewe mwanaume! Umetumaliza! Karakana imefungwa, kazi sina!"

Alitamani kuyameza maneno yake hapo hapo.

"Nilitaka zisishike kutu," mumewe alisema taratibu.

Hakugombana. Alichukua mfuko mkononi mwa mkewe, akazimwaga kulabu sakafuni, akaketi, akaanza kuzikwangua moja moja kwa kisu cha jikoni.

"Acha, baba. Hazina pa kutundikwa tena."

"Najua," alisema, na hakuacha.