Dobi Anayewaozesha Mahasimu wa Tamthilia

Saa moja asubuhi katika mtaa wa Furn el Chebbak, Beirut, Najla yuko kwenye shati la tatu. Simu yake imeegemezwa kwenye kopo la wanga, naye anazungumza nayo kwa sauti ya chini, bila haraka, huku pasi ya mvuke ikienda na kurudi.

"Nizar akamsogelea," anaiambia simu. "Akamwambia, Adham, miaka yote umeninyang'anya wateja, leo umeninyang'anya na usingizi, sasa nibakishiwe nini..."

Mlango unafunguliwa. Mwanasheria mmoja wa mtaani amekuja kuchukua suti yake. Najla habadiliki hata uso. "Ya bluu iko tayari, ustadhi. Lile doa la mchuzi limekuwa bishi, lakini tumeelewana." Mteja analipa, anashukuru, anatoka. Najla anageukia simu. "Nilikuwa wapi? Enhe. Usingizi."

Lazima mashati yote yaishe kabla jenereta ya mtaa haijazimwa adhuhuri. Hadithi nayo ina mwendo huohuo.

Jina lake halisi si Najla. Hili amelichagua mwenyewe kwa ajili ya gazeti. Ana miaka thelathini na saba, ana makovu ya pasi kwenye vidole vinne, na analipwa dola mia tatu na hamsini kwa mwezi. Anaishi na mama yake na kaka yake. Anawapenda wanawake. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuambiwa jambo hilo, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kazi yake ya pili haina mshahara. Najla huandika hadithi za mashabiki, yaani anawachukua watu wa tamthilia iliyokwisha kuonyeshwa na kuwapa maisha ambayo mtunzi aliwanyima. Tamthilia yake ni Soko la Hariri, iliyorushwa mwezi mmoja wa Ramadhani miaka minane iliyopita. Humo Nizar na Adham ni wafanyabiashara mahasimu wanaochukiana mpaka kaburini. Kwa Najla wamekwisha kupendana, kugombana, kurudiana na kuzeeka pamoja katika hadithi zaidi ya thelathini.

Wasomaji wake wa kwanza ni wanawake kumi na mmoja wanaokutana Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, katika saluni ya Mama Ramzi. Huyu ana miaka hamsini na minane, ana sauti ya kuita teksi, na yeye ndiye anayepokea sauti za Najla kwenye simu na kuzigeuza maandishi.

"Sentensi zake hazina kituo," analalamika Mama Ramzi. "Anaanza kwenye kola, mimi natafuta nukta mpaka mkono wa shati umekwisha. Ningetoza ushuru kwa kila koma, leo ningekuwa na saluni tatu."

Wote kumi na mmoja wanapenda wanawake. Wengine, kama Mama Ramzi, wamependa wanaume na wanawake na hawaoni cha kuficha mle ndani. Wanakunywa kahawa, wanakula mkate wa viungo vya zaatari, wanasomeana hadithi wanazoandika. Kwa Najla ni zaidi ya hapo.

"Ni mahali pekee ninapoingia na mtu akaniuliza nimeandika nini," anasema. "Kwingine kote naulizwa naolewa lini."

Mwezi Januari mahali hapo palitaka kumponyoka.

Ghinwa, binti wa miaka ishirini na tisa anayefanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, alisimama akatoa pendekezo. Kuanzia mwaka huu, alisema, kikundi kiandike mapenzi ya wanawake wawili tu. Wanaume wakae nje.

Hakusema kwa ubaya. Ghinwa ni mtu wa moyo mweupe na mdomo mwepesi, na hoja yake ilikuwa na uzito. "Tangu nikiwa mtoto sijaona kwenye skrini mwanamke kama mimi akafika kipindi cha mwisho akiwa hai," aliwaambia. "Wanaume wana filamu, wana mabunge, wana barabara. Na kale kachumba ketu kamoja pia tuwape? Dada Najla, niwie radhi, lakini wewe unapenda wanawake halafu kutwa unawaozesha wanaume. Kuna nini huko?"

Wengine walitazama vikombe vyao. Najla naye aliinua chake akanywa. Walikubaliana kura ipigwe Machi, baada ya siku ya zawadi.

"Nilirudi kwa miguu nikilia," anakumbuka. "Nikasema, basi. Nitamaliza zawadi yangu ya mwaka huu, niwaage vizuri, nikae na mashati yangu. Unajua uchungu wa kuambiwa wewe si wa hapa, na mwenye kukwambia ni wa kwenu?"

Zawadi ndiyo sherehe kubwa ya kikundi. Kila mmoja huomba jozi ya wapenzi anayotamani kusomewa, kisha majina hutiwa kwenye bakuli la vibanio vya nywele. Unayemtoa ndiye unayemwandikia, kwa siri. Siku ya siku hadithi husomwa kwa sauti, na wasikilizaji hukisia nani kaandika. Mwishoni waandishi hujitaja. Aliyekisia ovyo kuliko wote huchemsha kahawa.

Najla alitia mkono bakulini akatoka na Ghinwa.

Ombi la Ghinwa lilikuwa Widad na Sawsan. Widad ni mke wa Nizar, Sawsan ni dada wa Adham. Katika tamthilia nzima wanazungumza mara mbili tu, na mara zote mbili ni habari ya chumvi.

Jambo ambalo wenzake hawakulijua ni kwamba Najla hakuwahi kufaulu kuandika wanawake wawili. Si kwamba hakujaribu. "Nikimwandika Nizar, ni Nizar," anaeleza. "Nikimwandika Sawsan, mkono wake unakuwa na makovu ya pasi. Mlango ukigongwa kwenye hadithi, moyo wangu ndio unaoruka. Ninafuta."

Na safari hii hakuweza hata kuiambia simu, maana Mama Ramzi angejua siri. Ikabidi aandike mwenyewe, kwa vidole viwili vilivyoungua, kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Kila neno lilimgharimu. Sentensi zikawa fupi kwa sababu vidole viliuma, na kila alipotaka kufuta alimkumbuka Ghinwa na yale maneno yake, mwanamke anayefika kipindi cha mwisho akiwa hai. Alimkasirikia, na bado alitaka kumpa hilo. Alichukua wiki tatu.

Jumatatu ya Machi saluni ilijaa. Mama Ramzi alivaa miwani akasoma zawadi ya Ghinwa.

Sawsan anakuja kuomba chumvi, na safari hii haondoki. Widad anamwosha nywele kwa maji ya moto na sabuni ya mzaituni. Hakuna anayekufa. Miaka inapita kwa sentensi fupifupi mpaka wote wawili wana mvi, na ukurasa wa mwisho unawakuta jikoni wakigombana kwamba mchuzi umezidi chumvi.

Ghinwa alilia bila kujificha, kamasi na wanja vikawa kitu kimoja.

"Huyu," alisema alipopata sauti, "huyu ndiye ninayemsema mimi kila siku. Huyu ni wetu kweli. Dada Najla, usinichukie, lakini umesikia? Mtu mwenye wanaume kichwani hawezi kuandika hii." Akamtaja mwenzao mmoja, msichana wa duka la maua, kuwa ndiye mwandishi, akaapa kwa macho yake yote mawili.

Ikasomwa nyingine, zawadi ya mwenzao mwingine. Nizar na Adham, ghalani, mvua inanyesha, sentensi moja imetoka mlangoni ikazunguka soko lote ikarudi bila kupumua. "Najla!" walisema wote kwa pamoja, na mtu akapiga makofi.

Mama Ramzi alicheka mpaka miwani ikamwanguka mapajani. "Najla wapi, nyie? Hiyo yangu! Miaka minane naandika sauti ya huyu mtoto, koma zake zimeniingia kwenye damu."

"Na ile ya chumvi?" aliuliza Ghinwa.

Najla aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika.

Ghinwa aliinuka, akaenda kuchemsha kahawa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekisia ovyo kuliko yeye. Aliporudi na sinia, kikombe cha kwanza alimpa Najla, akaketi sakafuni mbele yake.

"Sikulaumu sasa, nakuuliza," alisema. "Kama unaweza hii, kwa nini wao?"

Safari hii jibu lilikuja. Najla alisema anapenda wanawake mchana kutwa, na kupenda huko kuna kazi: kuangalia dirisha, kuchagua maneno, kubadilisha jina la mpenzi kwenye simu. Akiwa na Nizar na Adham anaona mapenzi ya watu wawili wenye nguvu sawa, ambao hakuna anayewauliza nani atapika na nani atanyamaza. Mwili wake haumo, hivyo hauko hatarini.

"Siwatamani," alisema. "Napumzika kwao. Nikishapumzika nakurudia wewe."

Mama Ramzi akadakia. Yeye huomba Nizar na Widad, mume na mke, jozi ambayo wenzake huicheka kwa ushamba wake. "Nililala na mwanamume mmoja miaka ishirini," alisema. "Mtu mwema, Mungu amrehemu. Hakuniuliza hata siku moja nataka nini. Basi mimi nataka kusoma Nizar anamwuliza Widad. Anamwuliza tu! Nikifika hapo nalia kuliko huyu na chumvi yake."

Msichana wa duka la maua alikiri kwamba yeye hupenda wanawake wawili, ila mmoja awe katili, kwa kuwa amechoka kuwa mtu mwema ili akubaliwe. Kipenda roho, wahenga walisema, hula nyama mbichi, na mchana ule kila mmoja alileta nyama yake mezani. Ghinwa alisikiliza hadi mwisho.

"Nilidhani mtu akiandika wanaume amenikimbia," alisema. "Kumbe mlango mwingine, nyumba ileile." Akaondoa pendekezo lake mwenyewe, kura haikupigwa. Kisha akaomba jozi ya mwaka ujao papo hapo: Nizar na Adham. "Lakini Adham apike," aliongeza. "Siachi kila kitu."

Vigelegele vilivyopigwa vilipenya vioo vya saluni. Jirani wa ghorofa ya pili alitokeza kichwa roshani akauliza nani kaolewa.

"Nizar!" alimjibu Mama Ramzi. "Kapata wa kwao!"

Jirani akamtakia heri na watoto wengi.

Tangu siku ile hadithi ya chumvi imesomwa mtandaoni na mashabiki kutoka Tunis hadi Baghdad, na wengi wameomba iendelee. Najla amewaambia wasubiri, maana ana jambo jingine mkononi. Anataka kuandika kitabu kizima, kisicho na Nizar wala Widad wala mtu yeyote wa kuazima: wanawake wawili wa kubuniwa, mmoja akiwa dobi, katika duka linalofanana sana na hili.

Ghinwa ameahidi kukisoma wa kwanza. Mama Ramzi ameomba tu kuwe na nukta.

Najla anageuza shati, anapuliza mvuke kwenye kola, anaulizwa kama haogopi.

"Naogopa, tena sana," anasema. "Lakini nimewapa nyumba wanaume wawili mara thelathini. Sawsan nimempa yake. Ni mimi tu sijajipa, na sasa najua kuijenga."