Meno ya Juu ya Shaibu

Nilipokuwa mtoto pale Chilangala, nilijua kubeba mtoto mgongoni kabla sijajua kusoma sawasawa. Mama alinizungushia kanga, akamfunga mdogo wangu, akavuta fundo mpaka pumzi ikanibana, kisha akanigeuza mabega na kusema, "Haya, nenda." Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu aliitwa Shaibu, alikuwa na miezi saba, na uzito wake niliusikia kiunoni hata baada ya kumshusha. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alimcheka kuku, alimcheka mbuzi, alicheka hata mtu akipiga chafya.

Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Baba alikuwa Masasi, akimjengea mtu nyumba, kwa hiyo shamba lilibaki kwa Mama na Bibi, mama yake mzazi. Wao waliokota korosho, mimi nikakaa kivulini na Shaibu. Alipochoka na kuanza kununa, nilimpa kidole changu atafune. Ndivyo nilivyomnyamazisha siku zote.

Siku hiyo kidole kikachomwa. Nikakitoa, nikamfungua mdomo nione. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu, laini kama siku aliyozaliwa. Juu, katikati kabisa, palikuwa na meno mawili yanayochungulia, meupe kama chenga za mchele.

Nikamfunga mdomo haraka, nikatazama kama kuna aliyeona.

Kwetu, mtoto anayetangulia kuota meno ya juu anaitwa kigego. Neno hilo nililisikia kwa Bibi, naye hulitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa. Kigego, alisema, hula ndugu zake. Meno yakishatoka, watu wa upande wa mama huanza kufa mmoja mmoja, mpaka mtoto aondolewe. Niliwahi kumuuliza, "Aondolewe aende wapi, Bibi?" Akaendelea kumenya muhogo. Ganda lilipoisha akasema, "Hayo watoto hawaulizi."

Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nikaanza kazi ya kumzuia mtoto asicheke. Leo nikifikiri naona haya na ninacheka pia, lakini wakati ule ilikuwa kazi ya kweli. Mtu akija kutusalimia, nilimgeuza Shaibu uso kifuani kwangu. Kuku akipita, nilimfukuza kabla hajamwona. Nilipobaki naye peke yangu nilimsugua ufizi wa chini kwa kidole, nikampa vipande vya muhogo mkavu avitafune, nikiyaomba meno ya chini yawahi. Majirani wakaanza kusema mtoto wa Mama Zuhura amekuwa mkimya, labda anaumwa.

Siku ya tano au ya sita, Mama alikuwa amekaa kibarazani akinyonyesha, mimi napepeta mchele kando yake. Nikamsikia akivuta pumzi kwa ghafla, kama aliyekanyaga mwiba. Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Zuhura."

"Abee, Mama."

"Kuna kitu umekiona mdomoni mwa mdogo wako?"

"Sijaona kitu."

Akamvuta mtoto karibu. "Hata mimi sijaona," akasema. "Na tuendelee kutoona, mpaka ya chini yatoke."

Kumbe alikuwa anajua tangu kabla yangu. Mtoto ananyonya kwake usiku na mchana, angekosaje kujua? Siku zote hizo alikuwa ananificha mimi, na mimi namficha yeye, tumelala chumba kimoja. Sikumbuki siku nyingine niliyompenda Mama kama ile.

Tungefaulu, naamini, kama si siku ya kliniki. Nesi alikuja kijijini mara moja kwa mwezi kuwapima watoto, na asiyekwenda aliulizwa. Mzani ulining'inizwa kwenye boriti ya zahanati, mtoto akavalishwa kile kikaptura cha kitambaa chenye mikanda, akaachiwa aning'inie. Watoto karibu wote walilia wakiwa pale. Shaibu nilimfahamu. Tulipokaribia zamu yetu nikamfinya paja ili aingie kwenye mzani akiwa amenuna. Alinitazama kwa mshangao. Nesi akamwachia, kikaptura kikaanza kuyumba, na Shaibu akaachama mdomo wote na kucheka kwa sauti, mbele ya akina mama wasiopungua ishirini.

"Kilo tisa," nesi akasema. "Huyu anakula."

Macho yote yalikuwa mdomoni mwa Shaibu. Mama Salumu, jirani yetu wa nyumba ya nne, ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekuonya kwamba kanga yako imeshika moto.

"Mama Zuhura, mwanao ametangulia juu."

"Meno hutokea popote," nesi akasema. "Wangu wa pili naye alianza juu."

"Wewe ni mgeni hapa, nesi," mama mmoja akamwambia kwa adabu.

Nikaona wanawake wanawahamisha watoto wao, aliyemweka kulia akampeleka kushoto, mbali na sisi. Mama akamvua Shaibu kikaptura, akachukua kadi, akaaga. Tulipofika nyumbani habari ilikuwa imetutangulia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alimpokea Shaibu, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akatazama. Kisha akamrudishia Mama, akaingia chumbani kwake, na siku ile hakutoka tena.

Kesho yake mchana akafika Mjomba Hamisi kwa baiskeli kutoka Tandahimba. Ni lazima niseme kwamba Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alitupenda. Hata siku ile alikuja na maandazi kwenye mfuko, akanipa. Lakini alikuwa na watoto sita na mke mjamzito, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sisemi adhuriwe," alimwambia Mama. "Mambo hayo yamekwisha. Nasema apelekwe. Nimepata watu ng'ambo ya Ruvuma, mke na mume, hawana mtoto. Watamlea vizuri."

"Ana baba yake, kaka."

"Baba yake yuko Masasi anajenga. Na ukoo ni wetu, si wake. Likianza, litaanza kwetu."

Kwetu mjomba akishasema jambo la watoto wa dada yake, limesemwa. Nikamwona Mama anaanza kukunja vitambaa vya Shaibu, kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo nilipoogopa kikweli.

"Zuhura," Mjomba akasema, "mlete mdogo wako."

Nilikuwa nimekaa ukutani, Shaibu mapajani. Sikuinuka.

"Zuhura."

Nikamkumbatia, nikaweka kidevu changu juu ya kichwa chake. Nilikuwa sijawahi kukaidi neno la mtu mzima, na sikujua kinachofuata baada ya kukaidi ni nini. Mjomba akainuka kwenye kigoda.

Mlango wa chumba ukafunguliwa, Bibi akatoka. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa kanga mpya, zile alizoziweka kwa ajili ya Idi, na nembo za usoni mwake, chale alizochanjwa akiwa msichana, zilionekana vizuri. Hakumsalimia mwanawe.

"Hamisi," akasema, "wewe ni mtoto wangu wa ngapi?"

Mjomba akashangaa. "Wa kwanza, Mama."

"Wa pili."

Hata Mama aligeuka.

"Wa kwanza alikuwa msichana," Bibi akasema. "Nilimwita Somoe. Alitangulia juu. Nilikuwa binti mdogo, sijui kusema. Wakaja wajomba zangu, kama ulivyokuja wewe, wakasema kuna watu ng'ambo ya Ruvuma hawana mtoto. Maneno hayohayo, Hamisi. Nikamtoa kwa mikono hii. Nikaambiwa nisilie, na nisimtaje. Sikumtaja mpaka leo."

"Mama, mimi..."

"Ngoja. Somoe akaondoka. Miezi mitatu haikuisha, baba yangu akafa. Mwaka uliofuata akafa dada yangu, na wifi yangu akafia kwenye uzazi. Somoe hakuwepo, alikuwa ameshaondolewa. Sasa niambie, nani aliwaua?"

Mjomba akatazama chini.

"Nimekuuliza."

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui. Ninachojua, vifo sikuvizuia na mtoto nikampoteza." Akavuta pumzi. "Kama kuna mtu wa kufa katika ukoo huu, nitaanza mimi. Mimi ndiye mkubwa. Zuhura, niletee mume wangu."

Mume wake alikuwa Shaibu. Bibi zetu huwaita hivyo wajukuu wao wa kiume. Nikainuka, nikampelekea. Akainama, nikamsaidia kumfunga mgongoni, na yeye mwenyewe akakaza fundo. Kisha akatoka nje.

Nilimfuata, Mama akanifuata mimi. Jua lilikuwa limeanza kupoa, ule wakati watu wamerudi mashambani na kila uwanja una mkeka wenye korosho za kuchambua. Bibi akaanza na nyumba ya kwanza.

"Hodi."

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikai. Nimemleta mume wangu awasalimie." Akageuka upande ili mtoto aonekane vizuri. "Shaibu, waoneshe meno."

Na Shaibu, aliyekuwa amekatazwa kucheka kwa zaidi ya wiki nzima, akacheka. Watu wa nyumba ile walibaki na korosho mikononi. Bibi akaaga, akaenda nyumba ya pili. Akasema yaleyale. Nyumba ya tatu walituona tunakuja, wakafunga mlango. Bibi akausalimia mlango, akauonesha mtoto, akaendelea.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Mama Salumu. Alikuwa anabangua korosho, mikono imejaa majivu ya kujikinga na utomvu. Akasimama. Bibi akasema alichokuja kusema, na Shaibu akafanya kazi yake. Mama Salumu akamtazama mtoto, akamtazama Bibi, akatazama tena mtoto. Akafuta kidole kwenye kanga yake, akamgusa Shaibu shavuni.

"Na mazuri kweli," akasema polepole. Kisha akamwita mwanawe wa kike amalizie zile korosho, akajifunga kanga vizuri, akaungana nasi.

Hapo ndipo vigelegele vilipotoka, na vilitoka kwa Mama. Mama yangu, ambaye tangu jana yake alikuwa hajasema maneno kumi, alisimama katikati ya njia akapiga kigelegele kirefu mpaka mbuzi wakainua vichwa. Mama Salumu akampokea. Tulipofika bombani, mwisho wa kijiji, tulikuwa wanawake na watoto siwezi kuhesabu, na nyumba zilizofungwa zilikuwa tatu tu. Mimi nilitembea mbele karibu na Bibi, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda mbio. Na tulikuwa tumeshinda.

Mjomba alitufuata kwa nyuma akisukuma baiskeli. Bombani aliilaza chini, akaja mbele ya mama yake, akanyoosha mikono. Bibi alimtazama kwa muda kabla ya kumfungua mtoto. Mjomba akampakata Shaibu, na Shaibu akamkamata kidole gumba, akakiingiza mdomoni.

"Ameniuma," Mjomba akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu.

Meno ya chini yalitoka wiki mbili baadaye na hakuna aliyejishughulisha nayo. Mwaka ule kijijini walikufa watu, kama wanavyokufa kila mwaka, na najua wako waliotazama upande wa nyumba yetu. Kwetu hakufa mtu. Mke wa Mjomba alijifungua salama mtoto wa kike, na Mjomba alikuja mwenyewe kumwambia Bibi kwamba jina lake ni Somoe. Bibi aliingia ndani, na safari hii tulimsikia akilia. Shaibu sasa ni fundi wa pikipiki Newala mjini, ana watoto wawili, na ni mbishi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Nilipokuwa msichana mkubwa, najiandaa kwenda kusoma Masasi, nilimwambia kwa majivuno ya shule, "Kumbe Bibi, wewe ulijua zamani kwamba kigego ni uongo."

Akanitazama kama aliyetukanwa. "Nani kakwambia ni uongo?"

"Lakini ulimbeba."

"Nilimbeba. Na usiku ule sikulala. Nilikaa nikingoja nife, na siku zilizofuata pia. Kila kichwa kikiniuma nilisema, haya, limekuja." Akakaza kanga yake. "Unadhani ni lazima mtu asiamini ndiyo aweze kumbeba mtoto?"

Sasa nina watoto watatu, na kila mmoja nimemwogopea kwa namna yake, nikaogopa mambo ambayo nesi aliniambia hayapo na mengine aliyoniambia yapo. Zamani nilidhani Bibi alitushindia siku ile kwa sababu hakuwa na hofu. Sasa najua alikuwa nayo kutuzidi wote, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekwisha kulipa. Aliondoka nayo uwanjani, akapita nayo nyumba hadi nyumba, mwanamke mzee aliyevaa kanga za Idi siku isiyo ya Idi, akiamini kila neno la wazee wake na akiwakatalia.